Tuwapeleke Watoto Thimlich Ohinga

Wazazi, walimu na wazee wetu wa Migori na Homa Bay, historia tunayowakaririsha watoto darasani iko hapa hapa kwetu. Tuwapeleke wakaishike kwa mikono.

Tuanze na Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe lililoko Migori. Kuta zake, zinazokadiriwa kujengwa karne ya 16, ni mawe matupu yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na mahali pengine zinapita mita 4 kwenda juu. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo, wako watoto wa Migori wanaomaliza shule ya msingi wakizijua kwa picha tu.

Mwalimu, ukifika nao langoni usiwaambie chochote kwanza. Waache wapite. Lango ni fupi, hata mtoto mkubwa atainama. Kisha uliza: adui mwenye mkuki angeingiaje hapa? Jibu wataliona wenyewe. Waonyeshe jinsi mawe makubwa yalivyowekwa nje na ndani, na madogo yakajaza katikati. Mkirudi shuleni, waokote mawe uwanjani wajenge ukuta wa kufika magotini. Utabomoka, wataujenga tena, na hapo ndipo wataanza kuwaheshimu mafundi wale. Waambie pia kwamba boma hilo lilikaliwa kwa zamu na jamii za lugha mbalimbali. Hilo ni somo zuri kwa kaunti yenye Waluo, Wakuria, Wasuba na wengineo.

Homa Bay nayo imejaliwa. Kisiwani Rusinga liko kaburi la Tom Mboya, na kisiwani humo humo, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Mfangano kuna michoro ya miambani. Nyayanga watafiti wamefukua zana za mawe pamoja na mifupa ya viboko, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3.

Najua nauli ni mzigo. Kama basi halipatikani, anzeni na kinachofikika kwa miguu: soko la zamani, kanisa la kwanza kijijini, nyumba ya bibi anayekumbuka nzige na njaa. Wazee, mkialikwa shuleni njooni, na mwacheni mtoto aulize hadi atosheke. Wawakilishi wa wadi, tengeni fungu la usafiri. Nasi sote tuwafundishe watoto kwamba jiwe la ukutani na mfupa wa ufuoni havitiwi mfukoni.

Mkutano ujao wa wazazi ukiitishwa, simama uulize: watoto wetu wanaenda lini? Kisha uwe wa kwanza kujitolea kuandamana nao.