Machozi Yasifiche Deni

Katika senema ya Mother India, aliyoitengeneza Mehboob Khan mwaka 1957, miaka 10 baada ya uhuru wa India, mama Radha ampiga risasi Birju, mwanawe mwenyewe, kwa kumteka bintiye mkopeshaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Watazamaji hulia, na katika kilio hicho hukubali kwamba heshima ya kijiji yatangulia damu. Fundisho hilo ni jema, bali si kamili. Birju hakuzaliwa mwovu; aliharibiwa na deni la rupia 500, lililotozwa riba ya robo tatu ya mavuno. Serikali yo yote ipendayo kumsifu mama wa namna hiyo haina budi kwanza kulifuta deni.