Ukingo wa Bodi Si Urembo

Wengi wanaojifunza kubuni bodi za saketi huanza na saketi yenyewe: chipu hapa, kapasita pale, kisha njia za shaba za kuviunganisha. Mwishoni kabisa, vitu vyote vikishakaa, ndipo wanakumbuka kuchora mstari wa kuzunguka. Mstari huo ndio ukingo wa bodi, yaani umbo ambalo kiwanda kitalikata. Kwa maoni yangu, huku ni kujenga nyumba kabla ya kupima kiwanja. Ukingo unafaa uje kwanza, na uandikwe kwa namba, si kwa kukadiria na kipanya.

Hebu tuchukue KiCad, programu huria iliyoanzishwa na Mfaransa Jean-Pierre Charras mwaka 1992, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure. Ndani yake ukingo huchorwa kwenye tabaka liitwalo Edge.Cuts, kwa mistari na matao ya kawaida. Programu haikulazimishi kuchora umbo moja. Unaweza kuweka mistari minne, kila mmoja ukijisimamia. Kwa macho, huo ni mstatili. Lakini mstari mmoja ukiishia kwenye 50.0 mm na mwenzake ukaanzia kwenye 50.1 mm, huna mstatili tena. Una ua wenye mwanya. Mwanya huo ni unene wa karatasi moja tu, na kwenye skrini huuoni. Tarakilishi nayo haijui tena ndani ni wapi na nje ni wapi. Ukiiambia KiCad ikague kazi yako, itakujibu kwamba umbo la bodi lina kasoro.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu: data mbovu inaachwa iingie, halafu malalamiko yanakuja mwishoni. Faili ya bodi ya KiCad ni maandishi matupu. Ifungue kwa kihariri chochote utaona kila mstari wa ukingo umeandikwa unakoanzia na unakoishia. Basi kama ukingo ni namba, mbona tuuhariri kwa kuvutavuta? Weka chanzo cha gridi kwenye kona moja ya bodi, fungua sifa za kila mstari, uandike vipimo mwenyewe.

Najua kuna watakaonipinga, kwamba mistari huru inampa mbunifu nafasi: bodi ya duara, tundu katikati, au umbo lililoletwa kama faili ya DXF kutoka kwa aliyechora kasha. Ni kweli. Lakini uhuru huo ni wa wakati wa kuchora. Ukishamaliza, chagua mistari yote uigeuze kuwa poligoni moja. Ukisogeza kona ya poligoni, pande zote mbili zinafuata na hakuna mwanya unaozaliwa. Mimi ningependa programu ianze hivyo, na anayetaka mistari iliyoachana aiombe mwenyewe.

Pia tukumbuke kwamba bodi inakatwa na chuma. Jino la mashine ya kukatia ni la mviringo. Likiwa na kipenyo cha 2 mm, kona yoyote ya kuingia ndani itabaki na tao la nusu kipenyo cha 1 mm, hata kama kwenye skrini uliichora kali kama wembe. Kama kasha lako linategemea kona hiyo, bodi haitaingia.

Hapa Kenya wengi wetu huagiza bodi kutoka Shenzhen. Ikifika haiingii kwenye kasha, hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Unalipa tena, unasubiri tena. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni 0.1 mm, ukuta ni oda nyingine nzima.

Tena vipimo vikishatoka nje vinakuwa sheria. Tazama Arduino Uno: kati ya safu mbili za pini za dijitali kuna nafasi isiyolingana na hatua ya kawaida ya 2.54 mm. Kosa hilo lilitoka kwenye bodi za awali, likaachwa makusudi kwa sababu bodi za nyongeza zilikuwa zimeshatengenezwa kulifuata. Ni kosa la kipimo kimoja, na maelfu ya wabunifu wamelazimika kulinakili.

Kwa hiyo pima kasha, andika ukingo, weka matundu ya skrubu na soketi zinazotokeza nje, kisha vifunge vyote visisogee. Baada ya hapo ndipo ulete chipu yako. Ikikosa nafasi, ni afadhali ulijue hilo leo ukiwa mezani kuliko siku ya kufungua kifurushi.