Mtango wa Yona

Wako wenzetu wafundishao Maandiko ambao, wakikuta jina la mmea wasiloweza kulifahamu, hawakubali kusema, "Neno hili lina giza." Mara hutaja mmea wa shambani kwao, na mwanafunzi aulizaye zaidi huambiwa kwamba ni mkaidi. Desturi hiyo ni mbaya, na mfano mmoja watosha kuionyesha.

Biblia yetu ya mwaka 1952 yasema kwamba mmea uliomtilia Yona kivuli nje ya Ninawi ulikuwa mtango. Watoto wa wakulima huuliza jinsi mtu mzima awezavyo kupata kivuli chini ya mtango, nao hutambaa chini. Hujibiwa kwamba ulipanda juu ya kibanda chake. Yawezekana, lakini Kitabu hakisemi hivyo.

Neno la Kiebrania ni kikayoni. Katika Biblia nzima halipatikani ila katika sura ya 4 ya Yona, basi hakuna aya nyingine ya kulipimia. Wafasiri wa Kiyunani wa zamani waliandika jina la mmea wa jamii ya maboga. Yeronimo, alipofasiri kwa Kilatini, aliandika hedera, mmea wa Ulaya upandao juu ya kuta na miti. Askofu wa Oea, mji uitwao leo Tripoli, alipoagiza tafsiri hiyo isomwe kanisani, watu walifanya ghasia kubwa, hata akalirudisha neno la kwanza asije akabaki bila kundi. Habari hiyo Augustino alimwandikia Yeronimo mwaka 403.

Jibu la Yeronimo ndilo linichukizalo. Mmea wenyewe aliujua! Asema una majani mapana, nao husimama kwa shina lake bila kuegemea kitu. Lakini kwa kuwa Kilatini hakikuwa na jina lake, na neno la Kiebrania lisingefahamika, akaweka jina la mmea mwingine. Udhuru huo siukubali. Asomaye neno geni huuliza maana yake. Asomaye neno alilolizoea, lisilo la kweli, haulizi kamwe.

Siku hizi wataalamu wengi hudhani kwamba kikayoni ni mbarika, ambao wengine huuita mbono. Herodotus aliandika kwamba Wamisri waliyaita mafuta yake kiki, na maelezo ya Yeronimo yaufaa sana. Sisi tulio na mbarika nyuma ya nyumba twajua jinsi uchipukavyo upesi penye jaa.

Walakini wale watakao kuufuta mtango leo na kuandika mbarika, kana kwamba shauri limekwisha, ni ndugu zake Yeronimo. Sauti za maneno mawili kufanana si ushahidi utoshao. Na liandikwe kikayoni, na chini ya ukurasa itajwe mitango na mibarika pia, na sababu za kila upande. Ni mistari miwili tu ya wino. Mwalimu akiulizwa, aisome mistari hiyo mbele ya darasa, kisha awatoe watoto nje wakautazame mbarika wenyewe.