Mtambo Hausemi Bila Mtu

Juma lililopita nilikuwa Kiirua, huko Meru, kumtazama binti yangu ambaye ni mwalimu. Baridi ya Mlima Kenya si rafiki wa mtu wa pwani, basi asubuhi nikajikunyata mkahawani na chai ya moto na viazi vya kuchemsha. Redio ilikuwa juu ya kabati ikipiga wimbo baada ya wimbo, pasi na neno la mtu.

"Mzee, huyu wetu wa asubuhi hatumsikii wiki ya pili sasa," aliniambia mama mwenye mkahawa. "Watu wanasema wamegoma, mshahara hakuna. Lakini redio yenyewe haijatuambia lolote."

Maneno hayo yalinichoma, na sababu nitaieleza. Kwanza natoa mfano wa ng'ambo, mjini San Francisco, Marekani, ambako mgomo wa namna hii uliacha funzo.

Kulikuwa na kituo cha FM kikiitwa KMPX, kilichokuwa kikiuza saa zake kwa vipindi vya lugha za wahamiaji. Mwaka 1967 Larry Miller akaanza kupiga humo muziki wa roki nyakati za usiku, na mwezi wa Aprili akaingia Tom Donahue, aliyechoshwa na vituo vya kurudia zile zile nyimbo fupi zinazouzwa sana. Wakapiga walichokipenda, nyimbo ndefu za santuri kubwa ambazo vituo vingine havikuzigusa. Vijana wakakipenda mno kituo hicho, na jina lake likavuma.

Naam, neema ilipoingia, ugomvi nao ukaingia. Wafanyakazi walidai ujira bora na usemi katika kazi waliyoijenga kwa mikono yao. Mwenye kituo, Leon Crosby, hakukubaliana nao. Tarehe 18 Machi, 1968, wakagoma. Wenzao wa kituo cha KPPC, Pasadena, kilichokuwa cha tajiri huyo huyo, nao wakatoka. Crosby akaajiri wengine, na muziki ukaendelea hewani. Baada ya wiki kama nane, wengi wa wagomaji walihamia kituo kingine, KSAN, na wasikilizaji wakawafuata. Kwa KMPX ulibaki mnara na leseni. Watu waliokuwa wakisubiriwa na wasikilizaji walikuwa wamekwenda zao.

Hapa petu ushahidi tunao pia. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti, 1982, askari wa jeshi la anga walioasi waliiteka Sauti ya Kenya, Nairobi. Mitambo walikuwa nayo, bunduki walikuwa nazo. Hata hivyo walikwenda kumtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake awasomee tangazo lao. Kwa nini? Walijua kwamba mwananchi haamini mtambo, huamini sauti aliyoizoea. Mbotela, mzaliwa wa Mombasa aliyetutoka Februari 2025, ndiye aliyetuuliza kwa miaka mingi katika kipindi chake, "Je, Huu ni Uungwana?"

Swali hilo najiuliza mwenyewe. Miaka ishirini na ushei iliyopita nilikuwa mtangazaji wa kituo kimoja ambacho jina lake nalisitiri. Mishahara ilichelewa miezi mitatu, wenzangu wakatoka. Mimi nikabaki kwenye kipaza sauti. Nilikuwa na watoto wa kusomesha, na meneja alinipa ahadi tamu. Nikasoma salamu, nikapiga nyimbo, nikacheka kana kwamba hakuna jambo. Siku ya nne msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza mwenzangu wa jioni yuko wapi. Nikamjibu, "Yuko likizo." Uongo huo haujanitoka hata leo. Chuoni tulifundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na kwamba neno ni amana. Lile la kwanza nilisaidia kulivunja. La pili nililivunja kwa kinywa changu.

Simlaumu kila mwenye kituo. Umeme, leseni na mitambo vyote vina gharama, na matangazo ya biashara huja na kupotea. Lakini Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Mgomo wa kiwandani kila mpita njia huuona langoni. Mgomo wa redio hufunikwa kwa nyimbo, na asiyejua husema mambo ni shwari. Haki iliyofichwa hivyo ina faida gani?

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mwenye kituo aseme kweli hewani, kwamba watangazaji hawapo kwa sababu ya mgogoro wa kazi na mazungumzo yanaendelea. Anayeombwa kukalia kiti cha mwenziwe aliyegoma afikiri mara mbili, kwani nami nilidhani nitasahau. Na msikilizaji aulize. Apige simu, aandike, wala asikubali kuambiwa "likizo".

Mama yule wa Kiirua hakungoja rai yangu. Alipanda juu ya kigoda, akaizima redio, akasema ataiwasha siku atakapoambiwa kwamba mtu wake amelipwa.