Maktaba Ndogo na Deni la Watafiti

Lagangabilili haina chuo kikuu, lakini ina wanafunzi wa chuo kikuu. Ndivyo yalivyo makao makuu mengi ya wilaya nchini mwetu: mwalimu wa shule ya msingi, mganga wa zahanati, bwana shamba na karani wa halmashauri husomea shahada huku wakiendelea na kazi zao. Jambo hili limewezekana zaidi tangu ilipopitishwa sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992. Chuo hicho kilianza kufundisha mwaka 1994, nacho humfuata mwanafunzi alipo kwa njia ya vituo vya mikoa. Katika kituo cha namna hiyo aghalabu maktaba huwa ni chumba kimoja chenye rafu chache, meza, kompyuta kadhaa na mkutubi mmoja. Machoni pa mwanafunzi atokaye Itilima, chumba hicho ndicho chuo kikuu chenyewe.

Makala haya yanahusu chumba hicho. Hoja yangu ni kwamba maktaba ndogo ya chuo kikuu haiwezi kushindana na maktaba kubwa kwa wingi wa vitabu, wala haina haja ya kufanya hivyo. Lakini yaweza, na yapaswa, kuwa mahali ambapo kila kilichoandikwa kuhusu nchi inayoizunguka kinapatikana. Hilo halitatimia mpaka sisi watafiti tulipe deni letu.

Mwezi Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye uwezo wa kuweka vitabu 800,000 na kupokea wasomaji 6,000 kwa wakati mmoja. Ni jengo la kujivunia. Hata hivyo, chumba kimoja cha mkoani kikijaribu kuwa mfano mdogo wa jengo hilo, kitaishia kuwa na kidogo cha kila kitu na kisichotosha cha chochote. Rafu zitajaa vitabu vya msaada ambavyo havikuombwa na mtu, vingine vikiwa vimepitwa na wakati, na mwanafunzi atatoka kama alivyoingia.

Kwa elimu ya jumla, maktaba ndogo ya leo ina njia ambazo wenzetu wa miaka ya nyuma hawakuwa nazo. Mpango uitwao Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na baadaye kuongeza kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, huziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma maelfu ya majarida ya kitaalamu bila malipo. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, zimewekwa katika intaneti na zaweza kusomwa na yeyote. Pale ambapo mtandao ni hafifu au ni ghali, programu iitwayo Kiwix huwezesha kompyuta moja kuhifadhi ensaiklopidia nzima na kuisoma bila intaneti. Mkutubi ana wajibu wa kuzitangaza hazina hizi, maana hazina isiyojulikana ni sawa na isiyokuwapo. Tangazo la ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu, likibandikwa katika ofisi za kata, shule za sekondari na zahanati, lingefanya kazi kubwa kuliko rafu mpya.

Lakini hazina hizo zote, pamoja na uzuri wake, hazimjibu mwananchi wa Itilima swali moja: je, watafiti waliokuja hapa wakapima udongo wangu, wakahesabu ng'ombe wangu na kuniuliza maswali mchana kutwa, waligundua nini?

Tuchukue mfano wa ngitili. Wasomaji wa Usukumani wanajua kuwa ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili majani yastawi, kisha mifugo huruhusiwa kulisha humo wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili kuirudishia miti ardhi iliyokuwa imechakazwa kwa ufyekaji na malisho ya kupita kiasi. Wakati huo Bariadi, ambamo Itilima ilikuwa sehemu yake, ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu na Wilaya ya Itilima vilizaliwa mwaka 2012. Badala ya kuleta ufundi mgeni peke yake, mradi uliifufua desturi ya ngitili. Yakadiriwa kuwa hekta zipatazo 600 za mwanzo ziliongezeka hadi kuzidi 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, walitoa ripoti ndefu kuhusu faida za kazi hiyo kwa kaya na vijiji. Ripoti hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na wataalamu wa nchi nyingi wameinukuu. Ujuzi uliomo ni wa wafugaji wenyewe. Wao ndio walioutoa, na wao ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kuusoma.

Mfano wa pili ni pamba. Mkulima anazijua mbegu zenye herufi UK, kwa kuwa ndizo anazopanda. Herufi hizo ni kifupi cha Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko Mwanza. Mbegu ilimfikia, lakini maelezo ya kwa nini mbegu moja iliachwa na nyingine ikachukuliwa, au jinsi funza wa vitumba anavyoizoea dawa inayorudiwa kila msimu, hayakusafiri pamoja na gunia.

Historia nayo iko mbali vivyo hivyo. Hati za Hans Cory, aliyeandika kuhusu sheria na mila za Wasukuma, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nilisomea shahada ya udaktari ng'ambo, na huko ndiko nilikoshika kwa mara ya kwanza vitabu kadhaa juu ya Usukuma. Ni ajabu mtu kuvuka bahari ili asome habari za jirani zake.

Hapana shaka watakuwapo watakaosema kuwa siku hizi ripoti zote zimo katika intaneti. Jibu ni kwamba ili mtu atafute kitu lazima kwanza ajue kuwa kipo, kisha awe na kifaa na fedha ya kununua mtandao, halafu aelewe Kiingereza cha kitaalamu. Wengine watasema kuwa wanavijiji hawasomi. Hao wangekumbuka kwamba mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ulioanza mwaka 1968, uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, na kwamba watu walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao, pamba ikiwa mojawapo. Mwaka 1967 yapata theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 hesabu za Serikali zilionyesha kuwa waliobaki ni kama mmoja katika kila kumi. Baadaye vitabu vya maktaba za vijiji vilichakaa na vipya havikuletwa vya kutosha. Huwezi kumlaumu msomaji kwa kutosoma kitabu ambacho hukumletea.

Wako pia wanaodai kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Anayeshindwa kueleza matokeo yake kwa Kiswahili ajiulize kwanza kama ameyaelewa barabara.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti, na mtafiti hutakiwa kuiletea ripoti yake. Huo ni utaratibu mwema. Lakini ripoti iliyoko Dar es Salaam bado iko mbali na Lagangabilili. Kibali kiandamane na masharti mawili zaidi yaliyo wazi. Kwanza, nakala moja ya ripoti ipelekwe katika maktaba ya chuo kikuu iliyo karibu na mahali utafiti ulipofanyika, majina ya waliohojiwa yakiwa yameondolewa. Pili, iambatane na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili fasaha, ukieleza kilichotafutwa, kilichopatikana, na kile ambacho bado hakijulikani. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mafuta ya gari lililomleta mtafiti.

Mkutubi naye ataipanga mihutasari hiyo kwa wilaya na kwa somo, na kupeleka nakala kwa maofisa ugani, vyama vya ushirika na walimu. Hapo mwalimu wa Itilima anayetafuta mada ya tasnifu yake hatarudia swali lililokwisha kujibiwa. Ataanzia pale wenzake walipoishia. Na mkutano wa kijiji ukijadili kufunga ngitili mpya, utakuwa na ushahidi mezani pamoja na kumbukumbu za wazee.

Mkulima anayekopa mbegu hutarajiwa kulipa baada ya mavuno. Nasi watafiti tumevuna muda mrefu katika nchi hii. Tumepata shahada, vyeo na safari. Malipo tunayodaiwa ni kurasa mbili tu, na rafu ya kuziweka ipo.