Dohani isiuzwe kando

NENO LA JUMAMOSI
Na Neema Mollel

Baridi ya Juni ikishika Arusha, maduka ya vifaa vya ujenzi huzitoa hita za maji za gesi mpaka barazani. Mtu aliyechoka kukatikiwa umeme akiwa na sabuni mwilini hahitaji kushawishiwa sana. Kinachonikera ni swali la muuzaji wakati wa kufunga mzigo: "Na bomba la moshi utachukua?" Kana kwamba anauliza habari za mfuko wa kubebea. Bomba lina bei yake, kwa hiyo mteja anasema litafuata, na halifuati.

Jiko la mkaa tumeshaliogopa. Misiba ya kila msimu wa baridi imetufundisha kwamba halilali ndani na watu. Gesi, kwa kuwa haitoi moshi wala masizi, tunaiingiza bafuni bila wasiwasi. Lakini moto wa gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, sumu ileile ya jiko, ambayo hujishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni.

Hebu tupige hesabu ya bafu la nyumba ya kupanga: mita 1.5 kwa 2, dari mita 2.5 juu. Humo mna hewa ya mita za ujazo 7.5. Kilo moja ya gesi ya mtungi inataka takriban mita za ujazo 12 za hewa ili iungue sawasawa. Hita ya lita 10 kwa dakika, ikifunguliwa mpaka mwisho, hula karibu kilo moja na nusu kwa saa. Sasa oga dakika 10, mlango umefungwa, kidirisha kimezibwa kwa tambara kwa ajili ya baridi. Hita peke yake imetaka mita za ujazo 3, yaani asilimia 40 ya hewa yote, na kama haina bomba la moshi, kila kilichotoka kwenye moto kimebaki humo humo unamopumua. Moto wenyewe huanza kuharibika kabla hujafika huko. Rangi ya buluu huingia unjano.

Usiitegemee pua. Harufu tunayoijua imetiwa kwenye gesi makusudi ili tugundue inapovuja. Gesi ikishaungua, harufu hiyo huungua nayo, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Mwili nao unatudanganya: kichwa kinagonga, miguu inalegea, kichefuchefu kinakuja. Nani kwetu atapata dalili hizo asikimbilie kupima malaria? Kipimo hakionyeshi kitu, anapewa dawa ya maumivu, anarudi nyumbani kuoga. Ukiona unapata nafuu kila ukitoka nje, au nyumba nzima inaumwa kichwa kwa pamoja, zima hita, tokeni nje wote, na hospitalini muitaje hiyo hita.

Hata aliyenunua dohani hajapona kama fundi ameifunga kwa kubahatisha. Nimeona bomba lililopandishwa likatoboa silingi bodi na kuishia darini, bati halikuguswa. Mpangaji aliliona limeondoka bafuni akaridhika, kumbe hewa chafu inajaa juu ya vichwa vya watu na kushuka kupitia nyufa. Wengine hutumia bomba la plastiki la maji taka, ambalo hulegea kwa joto la hita hizi. Na kutoka nje tu hakutoshi. Oktoba 2006, katika hoteli moja kisiwani Corfu, Ugiriki, watoto wawili Waingereza walikufa chumbani kwao. Boila ilikuwa kwenye kibanda kilichoshikana na chumba hicho. Sumu ilipenya kwenye matundu ya mabomba yaliyoachwa wazi ukutani.

Kwa maoni yangu hita ya kawaida ya gesi haina kazi bafuni kabisa. Ifungwe ukuta wa nje, chini ya paa linaloikinga mvua, mbali na dirisha, na mtungi ukae nje nao. Anayelazimika kuiweka ndani anunue ile iliyofungwa pande zote, inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa uchafu wake huko huko. Uingereza sheria hairuhusu nyingine bafuni, na mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa kukaguliwa vifaa vyake vya gesi na fundi aliyesajiliwa kila baada ya miezi 12. Wenye nyumba wetu wanaopandisha kodi kwa sababu "kuna maji moto" wangeanza na ukaguzi huo, bila kungoja kusukumwa. Na hita isitoke dukani bila dohani yake. Bei iwe moja.

Kwa aliyekwisha kufungiwa hita ya dohani ndani ya nyumba, usimlipe fundi kwa kuona maji yanachemka. Mwambie afunge milango na madirisha, awashe hita, na kama kuna feni ya kutolea hewa aiwashe pia. Baada ya dakika chache washa kijiti cha udi, ukisogeze kwenye uwazi ulio juu ya hita, pale dohani inapoanzia. Moshi wa udi uvutwe kuingia ndani. Ukisukumwa kuja upande wako, hita izimwe, na kazi ya fundi haijaisha.