Fundi wa umeme mwenye leseni ni sehemu ya mtaji

Kwa miaka mingi mkulima wa Rufiji aliuhesabu umeme kuwa ni mambo ya mjini. Hali hiyo imebadilika. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimesogea kijiji hadi kijiji, na mwaka 2025 Serikali ilieleza kuwa vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Mto Rufiji wenyewe umekuwa mtambo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa Februari 2024, lina uwezo wa megawati 2,115.

Kwa watu wa Kibiti na delta, maana ya mabadiliko hayo ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kuwasha taa. Mnunuzi wa samaki na kamba wa Nyamisati anahitaji friza. Mkulima wa mpunga anahitaji mashine ya kukobolea karibu na shamba. Mwenye duka Bungu au Kibiti mjini anauza vinywaji baridi, anachajisha simu na kuchomelea madirisha. Fedha za korosho na ufuta zinapolipwa baada ya minada, nyumba nyingi hupauliwa bati, hupigwa plasta na kuingizwa umeme katika miezi hiyo hiyo michache.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwananchi hulipia kwa moyo mweupe saruji, bati na friza, lakini anapofika kwenye kazi ya kutandaza nyaya huanza kutafuta mtu wa bei ndogo. Anaitwa kijana wa jirani aliyewahi kubeba ngazi ya fundi, au wanapokelewa wale wanaojulikana kwa jina la vishoka, ambao hujitambulisha kuwa wana watu wao ofisini. Kazi inakwisha jioni, taa inawaka, watu wanapiga makofi. Kuwaka kwa taa kunachukuliwa kuwa ushahidi kwamba kazi ni nzuri.

Ushahidi huo hautoshi. Umeme si kama bati linalovuja, ambalo tone la kwanza humwamsha mwenye nyumba. Kiungo kilicholegea ndani ya ukuta kinaweza kukaa miezi kikipata joto kila pasi inapowashwa, na mwenye nyumba asijue lolote mpaka siku kinaposhika moto. Nyumba isiyo na waya wa athi, ule unaoteremka ardhini, itawasha taa sawasawa na nyumba iliyo nao. Tofauti itaonekana siku ile bodi la friza litakaposhika umeme na mtoto aliye pekupeku akaligusa. Mkondo wa miliampia 30 tu unaopita mwilini unaweza kuhatarisha maisha.

Ni vyema kuelewa mpaka wa wajibu ulipo. Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) linahusika na njia hadi kwenye mita. Kuanzia mita ya LUKU kuingia ndani, mfumo ni mali ya mteja na hasara yake ni ya mteja. Ndiyo sababu shirika hilo hutaka kazi ya ndani iwe imefanywa na mkandarasi mwenye leseni kabla ya kumuunganisha mwombaji. Leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na zimegawanywa kwa madaraja. Fundi wa daraja la chini ana mpaka wa kazi anazoruhusiwa, na mashine kubwa za njia tatu si za kila mwenye leseni. Kufanya kazi hizo bila leseni ni kosa kisheria.

Kwenye karatasi, basi, kila nyumba iliyounganishwa ilipita mikononi mwa mtu mwenye leseni. Kwa vitendo si hivyo. Wapo wenye leseni wanaogonga muhuri kwenye fomu ya kazi ambayo hawakuiona, wakapokea chao na kumwachia kishoka afanye atakavyo. Mteja anadhani ameokoa fedha, kumbe amenunua muhuri badala ya ufundi.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, huja baada ya kuunganishwa. Katika miradi ya vijijini, mwananchi ametozwa Sh27,000 tu kuunganishiwa, na kwa nyumba ndogo kumekuwa na kifaa cha Umeme Tayari, maarufu kama UMETA, chenye soketi na swichi zake, kinachomwezesha mwenye vyumba vichache kupata umeme bila kutandaza nyaya nyumba nzima. Huo ni msaada mkubwa. Lakini kifaa hicho kilikusudiwa taa chache, redio na simu. Mwaka wa pili mwenye nyumba anaongeza chumba, anavuta waya mwembamba juu ya dari, anaweka friza, kisha pampu ya kisima. Hakuna ofisi inayofika kukagua nyongeza hizo. Mfumo uliojengwa kwa taa tatu sasa unabeba biashara nzima.

Kwa kawaida waya wa milimita za mraba 1.5 hutumika kwa taa, na wa 2.5 kwa soketi. Jiko la umeme au mota huhitaji mnene zaidi. Pasi ya wati 1,000 kwa umeme wa volti 230 huvuta zaidi ya ampia nne, na birika la wati 2,000 huvuta karibu ampia tisa. Vyote viwili vikichomekwa kwenye ekstensheni moja iliyounganishwa na waya wa taa, waya huo unabeba mzigo ambao haukukusudiwa na unaweza kupata joto ndani ya ukuta. Sakiti breka ingepaswa kukata, lakini fundi asiye na elimu, akiona inakata mara kwa mara, huweka kubwa zaidi ili "isisumbue". Hapo amemwondoa mlinzi langoni kwa sababu anabweka.

Mazingira ya delta yanaongeza ugumu. Hewa ya chumvi inakula viunganishi na skrubu. Nyumba nyingi ni za udongo na miti ya mikoko, nyingine bado zimeezekwa makuti, na cheche moja kwenye makuti haisubiri ndoo ya maji. Panya hutafuna nyaya zilizoachwa wazi juu ya dari. Kisha kuna mafuriko. Aprili 2024 maji yaliingia katika makazi na mashamba ya wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu wengi walilazimika kuhama. Nyumba iliyofikiwa na maji haifai kuwashwa umeme kwa kuwa tu ukuta unaonekana kukauka. Tope lenye chumvi hubaki ndani ya soketi na mabomba ya nyaya. Inatakiwa fundi aipime kwa kipimo cha mega, kinachoonyesha kama umeme unavuja kutoka kwenye waya, ndipo iwashwe. Fundi anayejua kazi yake katika bonde lile pia huinua soketi na kisanduku cha sakiti breka juu ya alama ya maji ya mafuriko yaliyopita. Kazi hiyo ni rahisi nyumba inapojengwa, na ni ya gharama baadaye.

Kwa mfanyabiashara mdogo, hoja hii inaweza kuwekwa kwenye hesabu. Chukua mfano wa mnunuzi wa kamba ambaye tofauti kati ya fundi mwenye leseni na kishoka, pamoja na vifaa bora, ni Sh200,000. Tuseme friza yake ni ya Sh900,000 na mzigo uliomo ndani una thamani ya Sh500,000. Kosa moja la umeme likiunguza friza na kuozesha mzigo, hasara ni Sh1,400,000, yaani mara saba ya kile alichookoa. Kwa maana hiyo, uwezekano wa kosa hilo kutokea katika maisha ya friza ukizidi mmoja kati ya saba, alichoita akiba kilikuwa hasara tangu siku ya kwanza. Hapo hazijahesabiwa siku alizokosa kuuza, wateja waliohamia kwa mwingine, wala nyumba yenyewe. Maisha ya mtu hayaingii kwenye hesabu yoyote.

Mwenye mashine ya kukoboa yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Mota ya njia tatu ikikosa njia moja huendelea kuvuta kwa nguvu hadi koili zake zinaungua, iwapo hakuna kifaa cha kuikinga. Kifaa hicho ni bei ndogo mbele ya gharama ya kusuka mota upya katikati ya msimu wa mavuno, wakati magunia ya wateja yamepangwa mlangoni.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Mwananchi hamkwepi fundi mwenye leseni kwa ubishi. Mara nyingi hamwoni. Aliyepo anaishi Kibiti mjini, au Dar es Salaam, na kumpeleka Mbuchi au Kiongoroni ni kulipia gari, mashua na siku mbili za kusubiri maji. Kwa nyumba moja yenye taa nne, nauli inaweza kuzidi ufundi. Aidha, kijana wa kijijini asiye na leseni si lazima awe tapeli. Wengine wana mikono mizuri na wanaaminika. Walichokosa ni mafunzo, vipimo na karatasi. Kuwafukuza bila kuweka mbadala ni kuwarudisha watu gizani au kuwatia mikononi mwa matapeli wa kweli.

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa wananchi wenyewe, nayo ni kuungana. Kaya kumi za kitongoji kimoja, au wanachama wa AMCOS, wakimwita fundi mmoja mwenye leseni kwa wiki moja, nauli inagawanyika kwa kumi na bei ya ufundi inapungua. Chama kinachojua kupima korosho na kusimamia mnada hakishindwi kuandika mkataba wa ukurasa mmoja na fundi wa umeme.

Kabla ya kukubaliana, mteja ana haki ya kuiona leseni: jina, daraja na tarehe ya mwisho. Ofisi ya TANESCO ya wilaya inaweza kuulizwa kama mtu huyo anafahamika, na EWURA huwa na orodha ya waliopewa leseni. Bei ya ufundi itenganishwe na bei ya vifaa, na orodha ya vifaa iandikwe. Malipo yatangulizwe sehemu, yamaliziwe baada ya athi kupimwa na kila soketi kujaribiwa mbele ya mwenye nyumba. Fundi aache mchoro unaoonyesha nyaya zilipopita, ili atakayegongelea msumari au kuongeza chumba baadaye asibahatishe. Kifaa kinachokata umeme unapovuja nacho kidaiwe. Kina kitufe cha kukijaribia, na kubonyeza kitufe hicho mara moja kwa mwezi hakuhitaji fundi.

Vifaa navyo viangaliwe. Madukani kuna nyaya ambazo kwa nje zina rangi ya shaba na ndani ni aluminiamu, nyembamba kuliko zilivyoandikwa. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) na risiti ya duka linalojulikana ni kinga ya chini kabisa. Mwenye duka la vifaa anayeuza nyaya bandia kwa jirani yake hana tofauti na muuza mbegu aliyechanganya makapi.

Dawa ya pili ni ya mamlaka. EWURA na TANESCO hazina budi kulifuatilia suala la mihuri, kwa kumtaka mwenye leseni awajibike kwa nyumba aliyoitia saini. Ukaguzi wa nyumba chache zilizochaguliwa bila taarifa, hata kama ni kidogo, ungetosha kuwatia hofu wanaouza saini. Pale kosa linapoonekana, adhabu imwangukie aliyetia saini kabla ya mwenye nyumba.

VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti ingefanya jambo la maana kuwakusanya vijana wanaofunga umeme katika kata za delta, wapimwe, wafundishwe walichokosa, kisha wasaidiwe kuomba leseni za daraja linalowafaa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyosimamishwa mwaka 2023 na baadaye kurejeshwa, inawahusu vijana waliojiunga katika vikundi. Kikundi cha mafundi watano kinachokopa vipimo na ngazi kina uhakika wa kazi kuliko vikundi vingi, kwa sababu kila nyumba mpya ya bati ni mteja.

Na kwa visiwa ambavyo waya wa gridi haujavuka maji, hoja haibadiliki. Paneli za jua na betri nazo zinataka waya wa unene sahihi, fyuzi na viungo visivyoliwa na chumvi. Betri iliyounganishwa vibaya huunguza nyumba kama gridi.

Mkulima wa Rufiji anajua kuwa mbegu mbaya haiokolewi na mbolea. Friza na mashine ya kukoboa ni mbegu ya biashara yake, na nyaya ndizo udongo. Anayetenga fedha za mashine atenge palepale na za fundi mwenye leseni, na asisubiri kilichobaki baada ya kununua kila kitu. Serikali nayo, iliyotumia mabilioni kuzileta nguzo, isiishie langoni. Kumsogeza fundi halali karibu na kijiji ni sehemu ya kazi ile ile ya kufikisha umeme.